Sataranji: Kanuni Zake kwa Wanaoanza

Bao lajulikana na watu wote katika vijiji vyetu, hata mtu asiyejua maana ya kutakata na kula huonekana mgeni barazani. Lakini sataranji, ijapokuwa jina lake limo katika Kiswahili tangu zamani, wengi walisikia jina tu. Na katika wale walioanza kuucheza mchezo huu, wengi wamejifunza kwa kutazama nyuma ya mabega ya wengine. Nusu ya kanuni wameipata, na nusu wameibuni wenyewe. Matokeo yake ni ugomvi. Huyu asema mfalme wake hakuliwa, basi hajashindwa. Yule asema mfalme wa mwenziwe hana pa kwenda, basi yeye ameshinda. Wa tatu atoa askari wa adui ubaoni kwa namna ambayo wenziwe hawajapata kuiona, nao wamwita mwizi. Twaona ya kuwa huenda wote watatu ni watu wa kweli. Upungufu ni kwamba kila mmoja acheza mchezo wake mwenyewe juu ya ubao mmoja.

Kwa hiyo tumeonelea vema kuziandika hapa kanuni zenyewe, kama zinavyoshikwa na wachezaji wa mataifa chini ya Shirikisho la Sataranji la Dunia, lililoundwa Paris mwaka 1924. Twamsihi msomaji asisome mikono mitupu, bali awe na ubao mbele yake na kusogeza vitunda kila tunapovitaja, kwani mchezo huu haushikiki kwa masikio.

Asili yake ni Bara Hindi, yapata miaka 1,400 iliyopita, nao ulikuwa mfano wa jeshi lenye sehemu nne: askari wa miguu, wapanda farasi, ndovu na magari ya vita. Kutoka huko ulifika Uajemi, na Waarabu walipoitwaa nchi ile katika karne ya 7 wakaupokea mchezo nao wakaupenda sana. Jina lao la shatranj ndilo tulitamkalo sataranji. Na neno shaha ni la Kiajemi, maana yake mfalme. Waarabu wakaufikisha Hispania, na huko Ulaya, karibu na mwisho wa karne ya 15, miendo miwili ikabadilishwa. Waziri, aliyekuwa akienda hatua moja tu, akageuzwa kuwa Malkia mwenye nguvu kupita wote; na Ndovu, aliyekuwa akiruka nyumba mbili, akapewa mwendo mrefu, na Waingereza wakamwita Askofu. Kitabu cha Lucena, kilichopigwa chapa Salamanca mwaka 1497, chaonyesha mafumbo ya kanuni za kale na za mpya pamoja. Basi mtu akikuta maandiko ya zamani ambayo miendo yake haipatani na hii yetu, asidhani sisi tumekosa, wala wale wa kale.

Ubao hauna haja ya kununuliwa. Kipande cha mbao kilicholainishwa, chenye upana wa inchi 16 kila upande, chatosha. Kigawanywe mistari iwe nyumba 8 kwa 8, kila nyumba inchi 2, nazo zipakwe makaa na chokaa kwa zamu, nyeusi na nyeupe. Jumla ni nyumba 64. (Mwenye kulijua bao kubwa atatabasamu hapa: bao lina mashimo 32 na kete 64, na sataranji ina nyumba 64 na vitunda 32.) Vitunda vyaweza kuchongwa kwa mti laini, au hata kwa magunzi ya mahindi, mradi kila namna ijulikane kwa umbo lake bila ya kuulizana.

Ubao uwekwe hivi: nyumba ya pembeni iliyo mkono wa kuume wa kila mchezaji iwe nyeupe. Jambo hili ni dogo, lakini ukilikosa, mchezo wote utakuwa upande upande. Safu zinazotoka kwako kwenda kwa adui huitwa kwa herufi, a mpaka h, kutoka kushoto kwa mwenye vitunda vyeupe. Na safu zinazolala huhesabiwa 1 mpaka 8, kuanzia kwake yeye. Hivyo kila nyumba ina jina lake, kama vile e4 au g7, nasi tutayatumia majina hayo.

Kila mchezaji ana vitunda 16: Mfalme mmoja, Malkia mmoja, Ngome mbili, Maaskofu wawili, Farasi wawili na Askari wanane. Safu ya mwisho iliyo karibu na mchezaji hupangwa hivi: Ngome pembeni mbili, kisha Farasi kando yao, kisha Maaskofu. Zabaki nyumba mbili za katikati. Malkia hukaa katika nyumba ya rangi yake, yaani Malkia mweupe d1, iliyo nyeupe, na Malkia mweusi d8, iliyo nyeusi. Mfalme huchukua ile iliyobaki. Hapa wanaoanza hukosea mara nyingi. Ukitaka kujua kama umepanga sawa, tazama kama Malkia wawili wanatazamana uso kwa uso, na Wafalme hali kadhalika. Askari wote wanane husimama safu ya mbele, kama ilivyo desturi ya askari.

Mweupe huanza. Kisha kila mtu huenda mara moja kwa zamu yake, wala hapana ruhusa kuiacha zamu ipite, hata kama kila mwendo ulio nao ni wa hasara. Nyumba moja haichukui vitunda viwili. Kitunda kikifika katika nyumba ya kitunda cha adui, chamla na kukaa mahali pake, na kilicholiwa hutolewa ubaoni wala hakirudi. Hapo sataranji yatofautiana sana na bao, ambalo kete zilizoliwa hupandwa tena upande wa aliyekula. Wala si lazima kula, kama vile ilivyo lazima katika michezo mingine. Mtu hula akipenda, isipokuwa kama hana njia nyingine ya kumwokoa Mfalme wake.

Ngome yaenda moja kwa moja, mbele, nyuma au kando, nyumba nyingi kadiri zilivyo wazi. Askofu aenda kwa hanamu, yaani kwa njia ya pembe kwa pembe, naye kadhalika aenda mbali apendavyo. Aliyeanza katika nyumba nyeupe hatakanyaga nyeusi mpaka mwisho wa mchezo. Malkia ana miendo ya wote wawili, na akiwa katikati ya ubao mtupu aweza kufika nyumba 27. Hawa watatu hawaruki kitunda cho chote, kiwe chao au cha adui. Mfalme aenda pande zote kama Malkia, lakini hatua moja tu.

Farasi ndiye awasumbuaye wanafunzi. Mwendo wake ni nyumba mbili kwa njia iliyonyoka, kisha moja kwa kando. Na ye yote aliye njiani humruka, kwani kwake kinachohesabiwa ni pale anapotua tu. Kutoka nyumba nyeupe hutua nyeusi, na kutoka nyeusi hutua nyeupe, daima. Akiwa katikati aweza kwenda nyumba 8, lakini akiwa pembeni kabisa ana 2 tu. Ndiyo sababu wachezaji wazuri humtoa mapema wakampeleka katikati. Tunawashauri waalimu kuwapa watoto Farasi mmoja na ubao mtupu kwa siku nzima, wamtembeze toka a1 hata h8, kabla ya kuwafundisha mengine.

Sasa twaja kwa Askari, na hapa msomaji avute kiti karibu, maana kitunda hiki kilicho duni kuliko vyote ndicho chenye kanuni nyingi kuliko vyote. Aenda mbele hatua moja, na nyuma harudi kamwe. Akiwa bado mahali pake pa kwanza, ana hiari ya kwenda hatua mbili mara moja. Lakini hali mbele yake. Hula kwa hanamu, hatua moja mbele kuume au kushoto. Basi Askari wawili wa maadui wakikutana uso kwa uso, hakuna amlaye mwenziwe, nao husimama pale wakizuiana mpaka mmoja apate cha kula kando, au aliwe.

Kutokana na hatua zile mbili ilizaliwa kanuni ile iletayo mashaka. Tuseme Askari mweupe amefika e5. Mweusi amtoa Askari wake d7 kwa hatua mbili hata d5, akatua ubavuni mwa yule mweupe. Kama angalikwenda hatua moja, angalitua d6 na mweupe angaliweza kumla. Basi haifai akwepe kwa kukimbia. Mweupe ana ruhusa ya kumla kana kwamba alisimama d6: aweka Askari wake d6, na yule wa d5 atolewa ubaoni. Ruhusa hii ni ya Askari kwa Askari tu, na ni ya zamu ile ile inayofuata. Ikiacha kutumiwa hapo, imekwisha. Huyu ndiye aliyeitwa mwizi katika maneno yetu ya kwanza, na haki ilikuwa yake.

Kisha liko jambo la kupanda cheo. Askari akifika safu ya mwisho ya upande wa adui, habaki Askari. Papo hapo, katika zamu ile ile, hugeuzwa kuwa Malkia, Ngome, Askofu au Farasi wa rangi yake, kama mwenyewe apendavyo. Si lazima kitunda kile kiwe kimeliwa kwanza. Mtu aweza kuwa na Malkia wawili au hata watatu. Mfalme hawi, wala kubaki Askari haiwezekani. Kwa sababu hii Askari mmoja aliyebaki mwisho wa mchezo, asiye na wa kumzuia, ni mali kubwa. Na wengi waliompoteza ovyo mwanzoni humkumbuka wakati huo.

Tumekwisha kusema ya kuwa Mfalme aenda hatua moja. Upo mwendo mmoja tu ulio mbali na kanuni hiyo, nao ni kumtia Mfalme ngomeni. Mfalme aenda nyumba mbili kuelekea Ngome yake, na Ngome yamruka ikakaa upande wake wa pili. Kwa mweupe, Mfalme atoka e1 hata g1 na Ngome ya h1 yaja f1. Au Mfalme aenda c1 na Ngome ya a1 yaja d1. Ashikwe Mfalme kwanza, ndipo Ngome. Mwendo huu huhesabiwa kuwa mmoja, nao una masharti. Mfalme na Ngome ile wawe hawajaondoka mahali pao tangu mchezo uanze. Pasiwe na kitunda kati yao. Na Mfalme asiwe katika hatari wakati ule, wala asipite katika nyumba inayopigwa na adui, wala asitue katika nyumba kama hiyo. Watu wengine huongeza kwamba hata Ngome isiwe katika hatari. Hilo halimo katika kanuni. Mfalme ndiye azuiwaye. Ngome yaweza kupigwa na bado mwendo ukawa halali.

Hatari ya Mfalme huitwa shaha. Kitunda cha adui kinapoitazama nyumba ya Mfalme wako hata kingaliweza kumla zamu ijayo, Mfalme yu katika shaha. Kanuni za leo hazimlazimishi mtu kuitamka, lakini kwa wanaoanza yafaa kusema "Shaha!" kwa sauti, ili mwenziwe asidai ya kuwa hakuona. Mwenye Mfalme hana budi kumwondoa katika hatari papo hapo, na njia ni tatu tu: kumsogeza Mfalme, kumla yule anayempiga, au kuweka kitunda katikati kama kinga. Farasi akipiga, kinga haina faida, maana yeye huruka. Na mtu akicheza mwendo unaomwacha Mfalme wake katika shaha, au unaomwingiza humo, mwendo huo si halali, hurudishwa, naye hucheza mwingine. Halafu asichekwe, kwani hutokea hata kwa watu wenye ujuzi.

Ikiwa Mfalme yu katika shaha na hapana hata njia moja katika zile tatu, hiyo ni mata, na mchezo umekwisha. Waajemi walisema shah mat, yaani mfalme ameemewa. Angalia ya kuwa Mfalme haliwi. Hatolewi ubaoni. Mchezo huisha hatua moja kabla ya hapo. Basi yule asemaye, "Mfalme wangu hakuliwa," asema kweli, lakini kweli yake haimwokoi.

Lakini sasa tazama hali nyingine, ambayo twaweza kusema ndiyo iliyotuchukulisha kalamu. Mfalme hayumo katika shaha. Nyumba aliyokaa ni salama. Ila kila nyumba ya kando yake inapigwa, wala mwenyewe hana kitunda kingine cho chote kiwezacho kwenda. Zamu ni yake, na mwendo halali hana. Hapo amekwama, na kukwama si kushindwa. Mchezo ni sare, hata kama mpinzani ana Malkia na Ngome mbili zimejaa ubaoni.

Weka vitunda vitatu tu uone tofauti. Mfalme mweusi h8, Mfalme mweupe f6, Malkia mweupe g1. Zamu ni ya mweupe. Akimpeleka Malkia g7, Mfalme mweusi yu katika shaha. Hawezi kumla Malkia, kwa kuwa Mfalme mweupe amemkinga. Na nyumba za g8 na h7 zote zinapigwa na Malkia. Ni mata. Lakini mweupe akisimamisha Malkia g6, nyumba moja nyuma, Mfalme mweusi hapigwi hata kidogo, ila g8, g7 na h7 zote amefungiwa. Amekwama, na ni sare. Nyumba moja tu ndiyo iliyotenganisha ushindi na kutoka mikono mitupu.

Twajua ya kuwa wengi huona kanuni hii ni ya uonevu. Husema: mtu aliyepokonywa jeshi lote, akafungiwa pembeni asiweze hata kugeuka, je, hakushindwa? Hata katika historia watu hawakukubaliana. Uingereza katika karne ya 17 na ya 18 aliyemkwamisha mwenziwe alihesabiwa kuwa ndiye aliyeshindwa, mpaka karne ya 19 ilipofika ikakubaliwa kuwa sare. Sisi twaiona kanuni kuwa ya haki, kwa sababu mbili. Ya kwanza, yampa aliye dhaifu sababu ya kuendelea kufikiri mpaka mwisho, badala ya kuusukuma ubao kwa hasira. Ya pili, yamlazimisha aliye na nguvu kutazama mwenziwe amebakiwa na nini, na si kupiga tu kwa kuwa ana cha kupigia. Wazee waamuao mabaraza watalifahamu neno hili bila ya maelezo zaidi.

Sare ziko na nyingine. Wachezaji wawili waweza kupatana. Ubao ukiwa katika hali ile ile mara tatu, na zamu ni ya mtu yule yule, mmoja aweza kudai sare. Kadhalika ikiwa kila mmoja amekwenda mara 50 pasipo kuliwa kitunda wala Askari kusogea. Na wakibaki Wafalme wawili peke yao, au mmoja ameongezewa Askofu au Farasi mmoja tu, mata haiwezekani, na mchezo umekwisha.

Liko na neno la adabu ambalo nalo ni kanuni. Kitunda chako ulichokigusa kwa kusudi la kucheza, huna budi kukicheza kama kina mwendo halali; na cha adui ulichokigusa, huna budi kukila kama chaweza kuliwa. Ukitaka kukiweka sawa tu, sema kwanza, "Natengeneza." Kanuni hii ishikwe tangu siku ya kwanza, kwani tabia ya kurudisha mkono ndiyo chanzo cha nusu ya magomvi, na nusu nyingine tumekwisha kuieleza.

Kwa kupimia vitu, wachezaji humhesabu Askari kuwa 1, Farasi na Askofu 3 kila mmoja, Ngome 5, Malkia 9. Mfalme hana bei. Hesabu hii si kanuni, ni msaada tu. Mtu akitoa Malkia wake akapata mata, hakupoteza kitu.

Tuonyeshe mchezo mmoja mfupi, kwa sababu wapo vijana waliojifunza hila hii nao huwashinda wageni kila siku. Mweupe atoa Askari e4, mweusi e5. Mweupe atoa Askofu c4, mweusi Farasi c6. Mweupe aleta Malkia h5. Mweusi, kwa kumwona Malkia peke yake, afurahi na kumtoa Farasi f6 ili ampige. Lakini Malkia ashuka f7, akala Askari aliyekingwa na Mfalme peke yake. Shaha! Mfalme hawezi kumla, kwa maana Askofu wa c4 amemkinga toka mbali. Na nyumba nyingine zimejaa watu wake mwenyewe au zinapigwa. Ni mata kwa miendo minne. Dawa yake ni rahisi: mweusi, badala ya Farasi f6, amtoe Askari g6, amfukuze Malkia huku akiifunga njia yake ya kwenda f7, au alete Malkia wake e7, aikinge. Hapo mweupe amemtoa Malkia mapema bure, na vitunda vyake vingine vingali vimelala. Mwenye kuijua dawa hii hataogopa tena hila ile, wala hatapenda kuitumia.

Watu wengine hudhani mchezo huu ni wa wenye elimu kubwa na mali. Phiona Mutesi alikulia Katwe, mtaa wa maskini mjini Kampala, akafundishwa huko na Robert Katende. Na mwaka 2010 aliichezea Uganda katika mashindano ya mataifa yaliyofanywa Khanty-Mansiysk nchini Urusi, na tena mwaka 2012 Istanbul. Mwaka 2016 ilitolewa sinema juu ya maisha yake. Waalimu wenye wasichana darasani mwao wasiwaweke kando ubao unapotandikwa.

Mwisho twatoa fumbo moja, ambalo ndani yake yamo mengi katika yale tuliyoyaandika. Mfalme mweusi yuko a7, peke yake. Mfalme mweupe yuko c6, na Askari mweupe c7, amebakiza hatua moja apande cheo. Zamu ni ya mweupe. Ashinde kwa miendo miwili. Funika maneno yanayofuata kwa mkono, upange vitunda, ufikiri.

Mkono wa kila mtu hukimbilia kumfanya Askari kuwa Malkia. Fanya hivyo, kisha utazame: a8, b8, b7, b6, a6, zote zinapigwa, na Mfalme mweusi hayumo katika shaha. Amekwama, ni sare. Sasa urudishe vitunda, na Askari huyo afikapo c8 mfanye Ngome, kitunda kilicho duni kuliko Malkia. Nyumba ya a6 imefunguka, na Mfalme mweusi, kwa kuwa hana ruhusa ya kuacha zamu yake ipite, hana budi kuiendea. Ngome a8. Mata.